Serikali Haipo, Kodi Ipo: Mambo Kumi ya Darasa la Dola Dhaifu, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Kuna somo moja vyuoni ambalo mwanafunzi akilielewa vizuri hapiti tena kituo cha daladala kwa amani. Ni somo la utawala katika dola dhaifu. Wanaolifundisha ni wanasayansi ya siasa, watu ambao wachumi huwacheka kwa uchache wa namba zao na wanahistoria huwacheka kwa uchache wa subira yao. Hao ndio waliojitwika swali ambalo muuza mitumba wa Goma amekwisha kulijibu zamani: serikali ikiwa hoi, nani anatawala?

Magazeti ya ng'ambo hujibu haraka kwamba hakuna anayetawala. Watafiti waliokwenda kukaa huko hurudi na jibu jingine: wanaotawala ni wengi mno, na kila mmoja ana kitabu cha risiti. Nimepanga hapa mambo kumi ya somo hilo, kuanzia lile unaloweza kulisahau mlangoni mwa chumba cha mtihani hadi lile litakalokufuata nyumbani. Mpangilio ni wangu. Profesa wako akilalamika, mwambie naye apange wake.

10. Orodha ya aibu

Mwaka 2005 taasisi ya Fund for Peace ya Marekani, pamoja na jarida la Foreign Policy, ilianza kutoa kila mwaka orodha ya dola zilizoshindwa. Vigezo 12, kila kimoja alama kumi, na mwenye alama nyingi ndiye mwenye hali mbaya. Somalia ilikaa kileleni kuanzia 2008 hadi 2013. Mwaka 2014 Sudan Kusini, taifa la miaka mitatu tu, likaichukulia nafasi. Ni ligi ambayo bingwa hazungushi kombe mitaani.

Mwaka huohuo waandaaji waliona haya kidogo. Neno "zilizoshindwa" likaondolewa, nchi zikaitwa "tete". Walioorodheshwa wakabaki walewale.

Orodha hii ina faida moja darasani: siku ya kwanza hakuna anayesinzia. Mkenya huitafuta Tanzania kabla ya kuitafuta Kenya, Mtanzania naye huanza na Kenya, na wote wawili hutulia wakishaikuta Congo. Lakini orodha haikuambii nani amefungua soko leo asubuhi, nani ameamua ugomvi wa mpaka wa shamba, wala nani analinda ghala usiku. Ndiyo maana iko namba kumi.

9. Mzee Weber na dirisha lake

Hakuna mtaala usioanza na Max Weber. Kwake, dola ni ile jumuiya inayodai, na ikakubaliwa, kwamba ndani ya mipaka yake ni yenyewe tu iliyo na haki ya kutumia nguvu. Wanafunzi huikariri fasili hiyo kwa uaminifu, kisha huipeleka Mogadishu kama rula na kushangaa kwamba Mogadishu ni fupi.

Kinachosahaulika ni mahali ilikotamkwa. Weber aliitoa katika mhadhara mjini Munich, Januari 1919. Mwezi uliofuata Kurt Eisner, waziri mkuu wa Bavaria, alipigwa risasi akiwa njiani kwenda bungeni. Aprili mji ukatangaziwa jamhuri ya mabaraza ya wafanyakazi. Mei wakaingia wanajeshi na vikosi vya kujitolea, wakaizima kwa damu. Fasili maarufu kuliko zote ya dola imara ilizaliwa katika mji ambao dola yake ilikuwa inapasuka mbele ya macho ya msemaji. Nadhani mzee alikuwa akieleza anachokitamani, maana dirishani kwake hakikuwepo.

8. Mwenye hati na mwenye nyumba

Mwaka 1982 Robert Jackson na Carl Rosberg waliuliza swali la uchokozi: mbona dola za Afrika ni dhaifu hivi, na hazifi? Ulaya ya zamani dola ikilegea ilimezwa na jirani. Huku mipaka ya mkoloni, iliyobarikiwa na wakuu wa nchi huru kule Cairo mwaka 1964, imedumu hata pale ambapo serikali haifiki nusu ya nchi yake. Jibu lao: uhai wa dola hizi unatoka kwenye sheria ya kimataifa zaidi kuliko kwenye vituo vya polisi.

Miaka tisa baadaye Somalia ikaja kama mfano ulioagizwa. Siad Barre alikimbia Mogadishu Januari 1991 na serikali kuu ikayeyuka, lakini nchi haikufutwa Umoja wa Mataifa. Mei mwaka huohuo kaskazini kukatangazwa Somaliland. Mwaka 1993 wazee wa koo walikaa Borama kwa miezi, wakabishana mpaka wakatoka na rais, Mohamed Egal, na baraza lao la wazee, Guurti, likawa sehemu ya bunge. Baadaye pakawa na sarafu, polisi, na uchaguzi wa 2010 ambamo rais aliyekuwa madarakani alishindwa na akaondoka. Kwa zaidi ya miaka 30, hadi mwishoni mwa 2025, hakukuwa na mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa aliyewatambua.

Somalia ilikuwa na hati, haina nyumba. Somaliland ilikuwa na nyumba, haina hati.

Kuna ziada moja hapa. Kwa kuwa Somaliland haikutambuliwa, haikuweza kukopa nje kwa urahisi. Egal alilazimika kuwaendea wafanyabiashara wanaopitisha mizigo bandari ya Berbera. Walimkopesha, kisha, kama wakopeshaji wote, wakataka kusikilizwa. Tunza hilo hadi namba moja.

7. Barabara

Jeffrey Herbst, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alidai kwamba tatizo la watawala wa Afrika tangu enzi na enzi ni ardhi kubwa na watu waliotawanyika: kufikisha amri mbali ni gharama. Congo, yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, ni shahidi wake mkuu.

Kuna kisa wanachokipenda wanadiplomasia, kwamba Habyarimana wa Rwanda alipomlilia Mobutu, rais wa Congo iliyoitwa Zaire wakati huo, kuhusu waasi, Mobutu alimjibu kuwa kosa lake ni kujenga barabara. Yeye hakujenga, na hakuna anayemfikia. Kama kweli alisema, ndiyo sera ya miundombinu iliyotekelezwa kikamilifu kuliko zote katika Zaire. Waasi walioinuka dhidi yake 1996 hawakujali. Walifika Kinshasa Mei 1997, sehemu kubwa ya njia wakitembea kwa miguu.

6. Muhuri

Wanaodhani dola dhaifu haina urasimu hawajawahi kufanya utafiti Kivu, mashariki mwa Congo. Unatoka na barua ya safari ya kikazi, *ordre de mission*. Inapigwa muhuri mkoani, wilayani, kwa chifu, kwa watu wa usalama, na ukifika bonde fulani anatokea kijana mwenye bunduki ambaye naye, kwa heshima zote, anauliza muhuri wa mwenzake uko wapi ili aweke wake pembeni. Kila mmoja anataka nakala, na nakala haipokelewi mikono mitupu. Karatasi ikirudi mjini haisomeki tena.

Mwanafunzi mwerevu hugundua kwamba utafiti wake umekamilika kabla hajahoji mtu. Serikali isiyoweza kulipa mshahara inaweza kabisa kugonga muhuri, na wanaoipinga hutamani muhuri wao kwanza, hospitali baadaye.

Hapa pana jambo ambalo wataalamu wa somo hili walichelewa kulisema. Mahojiano mengi ya Kivu hufanywa na watafiti wa Kongo wenyewe. Ndio wanaojua Kiswahili cha kijiji kile, ndio wanaokadiria kama leo barabara inapitika, ndio wanaobaki pale ripoti ikitoka na mtu mwenye bunduki asipoipenda. Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu na wenzao walitoa mkusanyiko wa insha wakieleza jinsi kazi yao inavyoishia kwenye mstari mmoja wa shukrani. Somo linalochunguza nani anakula jasho la nani lilikuwa limesahau kupekua mfuko wake.

5. Noti zisizo na mwenyewe

Hili nalipenda, na wachumi hulichukia.

Januari 1993 serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni tano. Étienne Tshisekedi, aliyekuwa akidai uwaziri mkuu kwa ubishi uleule aliodai nao kila kitu, alitangaza kwamba si pesa halali. Wenye maduka wakamsikiliza yeye. Wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wakakuta hazinunui hata chumvi, wakaamua kununua kwa bunduki: Kinshasa ikaporwa. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa zaire milioni tatu za zamani, na mikoa miwili ya Kasai, nyumbani kwa Tshisekedi, ikagoma. Ikaendelea na zile kuukuu.

Fikiria: Mbuji-Mayi, mji wa almasi wa Kasai, ukiendesha biashara yake kwa pesa ambayo serikali imeitangaza kuwa si pesa. Noti zilichakaa mpaka zikawa laini, lakini kwa kuwa hakuna aliyekuwa akichapa nyingine, bei zilitulia kuliko kwa wenzao waliotii. Adhabu ya kutoisikiliza Benki Kuu ikawa kuepuka mfumuko wa bei.

Somalia ilikwenda mbele zaidi. Shilingi iliendelea kutumika baada ya benki kuu kufa, kisha wababe wa kivita na wafanyabiashara wakaanza kuagiza noti bandia kutoka nje kwa makontena. Thamani ikashuka mpaka ikakaribia gharama ya karatasi, wino na usafiri; hapo kughushi kukakosa faida, na waghushi wakajifunza nidhamu ya fedha bila semina. Mwaka 2017 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba karibu asilimia 98 ya noti za shilingi zilizokuwa mikononi mwa watu ni bandia. Sokoni zilipokelewa. Kwa asilimia 98, ni ile mbili iliyobaki ndiyo inayopaswa kujieleza.

4. Mkulima asiyekamatika

Kabla hatujaicheka Congo sana, tuitazame Tanzania. Goran Hyden, Mswidi aliyefundisha Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, alitoa mwaka 1980 kitabu kuhusu Ujamaa chenye hoja iliyowakera wengi Mlimani: dola ya Tanzania iliweza kuwahamisha mamilioni ya watu vijijini, lakini haikuweza kuwalazimisha walime inavyotaka. Bei ya zao la biashara ikiwa ya dhihaka, mkulima alirudi kwenye mahindi yake na kwa ndugu zake, na mipango ikabaki kwenye makabrasha. Serikali ilikuwa na magari ya kubeba nyumba. Ya kubeba nia hayakuwepo.

3. Trafiki wa Kinshasa

Kila mtu anajua trafiki anakula. Raúl Sánchez de la Sierra, Kristof Titeca na wenzao waliuliza: anakula na nani?

Walichokikuta ni kiwanda. Askari wa njiapanda hupangiwa na mkubwa wake idadi ya madereva wa kupeleka kituoni kwa siku. Pesa kubwa haitoki barabarani, inatoka kituoni, ambako dereva huonyeshwa makosa asiyowahi kuyasikia mpaka alipe, au mpaka ampigie simu mtu mzito aamuru aachiwe. Askari asiyetimiza mgawo hupoteza kituo kizuri. Kwa hiyo yule unayemlaani pale kwenye taa ni mfanyakazi wa ngazi ya chini katika kampuni yenye malengo ya mauzo. Watafiti walifanikisha mgawo upunguzwe kwa majaribio, na ikaonekana kwamba mpango huo ndio unaomtoa askari kwenye kazi ya kuongoza magari. Foleni ilikuwa na bodi ya wakurugenzi.

Mobutu alikwisha kuwapa falsafa. Katika hotuba ya mwaka 1976 aliwaasa watumishi kwamba ukiiba, iba kidogo na kwa akili. Wengi walishika nusu ya maneno.

Mwaka 2013 Kinshasa ilisimika roboti njiapanda: majitu ya chuma yanayotumia umeme wa jua, yenye kamera, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Dunia nzima ilicheka kidogo. Mimi nilicheka mpaka niliposoma utafiti wa mgawo. Roboti hana mkubwa anayemsubiri jioni kituoni, na hiyo si sifa ndogo kwa mtumishi wa umma.

2. Jambazi aliyehamia

Mwaka 1993 Mancur Olson, akimtumia jenerali wa China Feng Yuxiang kama mfano, aliuliza kwa nini watu wamstahimili mbabe anayewatoza kila mwezi. Kwa sababu, alisema, jambazi anayepita huchukua kila kitu. Anayehamia huchukua sehemu, na kwa kuwa anataka sehemu nyingine mwakani, atamzuia jambazi mwingine asikumalize. Ufalme, kwa Olson, ulianza hivyo. Charles Tilly alikuwa amesema mwaka 1985 kwamba hata dola za Ulaya zina undugu na genge linalokuuzia ulinzi dhidi yake lenyewe. Wanafunzi wa Ulaya hupenda nadharia hii ikihusu Afrika tu.

Sánchez de la Sierra aliipeleka Kivu kuipima. Mwaka 2000 bei ya madini ya koltani ilipaa ghafla kwa njaa ya dunia ya simu na mashine za michezo. Koltani ni mzigo mzito, haifichiki. Makundi yenye silaha yakaenda kukaa mdomoni mwa machimbo, yakaweka ushuru na ulinzi. Dhahabu ni habari nyingine: inakaa mfukoni, mdomoni, hata tumboni. Hutampekua kila mchimbaji. Bei ya dhahabu ilipopanda, makundi hayakuhangaika na mashimo. Yalikwenda kijijini, dhahabu inakogeuka kuwa bia, nyama na bati la paa, yakatoza kodi huko, yakaanzisha vibali vya kuingia machimboni, yakapanga uongozi. Kwa sababu dhahabu ni ndogo, jambazi alilazimika kuwa halmashauri.

Na halmashauri ina majina ya kodi. Moja kati ya tozo za Kivu inaitwa *lala salama*: kila kaya inachangia ili usiku upite kimya. Nimesoma majina ya kodi za wizara zote za fedha za Afrika Mashariki na hakuna lililotungwa vizuri hivi, wala lililo la kweli hivi, kwani anayekusanya ndiye hasa anayejua utalalaje usipotoa. Nyingine ni *salongo*, kazi ya lazima ya siku moja, urithi wa Mobutu ambao waasi waliuona mzuri wakaubakiza.

Kisha kuna vizuizi. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilichapisha ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini na kuhesabu 798. Usifikiri ni vya waasi tu: vingi vilikuwa na watu wa serikali, jeshi likiongoza, na pengine kamba moja ilikuwa na wenyewe zaidi ya mmoja. Anayesukuma chukudu ya viazi, ile baiskeli ya mbao, hulipa. Mama mwenye kapu la ndizi hulipa. Peer Schouten, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, baadaye aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba mwenye kizuizi hahitaji kutawala eneo. Anahitaji daraja, kona, au mteremko wenye utelezi. Weber alitaka mipaka. Hawa wanataka tope.

Sasa usije ukawapenda. Wala usidhani dawa ni kuwafukuza tu. Mwaka 2009 jeshi la Kongo, katika operesheni Kimia II, liliwaondoa waasi wa FDLR kwenye vijiji walivyokuwa wakivitoza. Sánchez de la Sierra na wenzake walifuatilia kilichofuata: waliopoteza kodi lakini wakabaki na bunduki walirudi usiku kupora. Serikali ilichukua kitabu cha risiti ikaacha bunduki. Waliolipia hesabu hiyo ni wanavijiji, na mara hii hawakupewa risiti.

1. Hodi ya mtoza kodi

Kananga, Kasai ya Kati. Mji mkubwa, serikali ya mkoa masikini, kodi ya majengo ilikuwepo kisheria lakini karibu hakuna aliyeilipa. Hapo ndipo Jonathan Weigel na wenzake walipofanya kazi na serikali ya mkoa kwa miaka, wakitumia bahati nasibu kuamua mtaa upi utozwe vipi.

Mwaka 2018 baadhi ya mitaa ilitozwa na maofisa wa serikali na mingine na machifu wa mtaa. Machifu walileta mapato zaidi kwa asilimia 44. Hawakuwa watakatifu kuliko maofisa. Walijua nyumba ipi ina mtu mwenye uwezo na ipi ina mtu mwenye visingizio. Jaribio jingine lilionyesha kwamba kiwango cha kodi kikishushwa kwa karibu theluthi moja, mapato yanaongezeka, maana wengi zaidi wanaona inalipika. Waziri wa fedha yeyote anayesoma hapa anaruhusiwa kurudia sentensi hiyo.

Lakini kilichoipa Kananga namba moja ni kampeni ya kwanza, ya 2016. Watoza kodi walipita nyumba kwa nyumba katika mitaa iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, wakiwa na vimashine vya kutoa risiti. Waliolipa walitoka karibu sifuri wakafika zaidi kidogo ya asilimia 11. Ungetegemea mtaa uliogongewa mlango uichukie serikali na kuikwepa. Ulifanya kinyume: ndio uliojitokeza zaidi kwenye mikutano ya hadhara na kujaza fomu za kuitathmini serikali ya mkoa. Walikuwa hawajapata barabara, maji wala taa. Walichopata ni mtu wa serikali mlangoni, na kwa maelezo ya Weigel hilo lilitosha kuwaambia kwamba kuna serikali ya kugombana nayo.

Wafanyabiashara wa Berbera walifikia hapo kwa mkopo. Kananga ilifikia hapo kwa kimashine cha risiti. Na ukirudia zile asilimia 11 utaona jambo ambalo maprofesa hulisema kwa upole sana: mitaa iliyojaa ukumbini kudai hesabu za kodi ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ya watu ambao kodi yenyewe hawajailipa bado.